Mwaka Tulioikataa Dar es Salaam

Tulimzika Oswadi mwezi uliopita, hapa hapa Ifakara, siku ya jua kali, na turubai lililoazimwa parokiani halikutosha watu. Ulipofika wakati wa kusoma wasifu wa marehemu alisimama mpwa wake, kijana nadhifu anayefanya kazi Dar es Salaam katika jengo refu la vioo. Akataja shule alizosoma mjomba wake, ndoa yake, watoto aliowaacha. Halafu akakunja karatasi yake na kusema la moyoni: "Mjomba alikuwa na akili ya Dar es Salaam. Bahati mbaya akaja kuifukia huku." Watu wakaguna kwa huzuni, kama wanavyoguna wakisikia neno la kweli. Mimi nilikuwa nimekaa mbele pamoja na wafiwa, kwa kuwa nilifanya kazi na marehemu tangu tukiwa vijana hadi mvi zilipotuota, na nilitaka kusimama nimjibu. Msibani hakuna kunyoosha mkono kuomba nafasi ya kujibu. Nikala wali wa msiba, nikanawa, nikarudi nyumbani kwa miguu. Lakini sikukubali siku ile na sikubali leo. Kijana yule kazi yake ni kushauri kampuni changa za wenzake, na baada ya mazishi nilimsikia akimweleza jirani yangu kwamba kampuni changa inataka jiji kubwa, wenye mitaji, mikutano na watu wa aina yake, la sivyo inakufa. Sina ugomvi naye. Nataka tu nisimulie mwaka mmoja, ule wa kwanza, kisha kila mtu apime mwenyewe nani alifukia nini.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Oswadi na mimi tulikuwa tumemaliza pamoja chuo cha ufundi, mimi msichana peke yangu darasani, na wote wawili tukaajiriwa na Bwana Jafari, mfanyabiashara mwenye karakana kubwa kando ya Barabara ya Pugu. Alikuwa mtu mwerevu, mwepesi wa kucheka, na alituamini. Tulikuwa tukimtengenezea mashine za kupura mpunga: pipa la mbao lenye meno ya waya, unalikanyagia pedeli kama cherehani, linazunguka, nawe unashika tita la mpunga kwa mabua na kuyaweka masuke juu yake. Ofisini kulikuwa na simu, faksi na katibu muhtasi aliyepaka rangi kucha, na ukutani picha ya mashine yetu ikiwa imesimama kwenye bustani yenye majani mabichi. Mashine zilipakiwa kwenye treni, zikaenda bonde la Kilombero, na baada ya hapo kimya. Hazikurudi, hazikuagizwa tena. Bwana Jafari akamtuma Oswadi aende akaone kulikoni.

Oswadi alirudi na mfuko wa pepeta, zile punje changa za mpunga zilizokaangwa na kutwangwa, akatugawia mchana ule tukiwa tumekaa nyuma ya karakana na ugali wetu wa dagaa. Alikuwa hacheki. "Teo," akaniambia, "tumekuwa tukitengenezea watu wasiokuwepo. Wanawake wa kule hawakati mpunga kwa chini. Wanakata suke kwa kisu, na kikonyo kifupi hivi." Akaonyesha kwenye kidole. "Sasa mtu akishika suke fupi kwenye pipa linalozunguka, vidole vitabaki? Mashine yetu moja nimeikuta Mkula, kuku anaatamia ndani." Tulipomweleza Bwana Jafari, alifikiri kidogo akasema basi wakulima wafundishwe kukata kwa chini. Oswadi akauliza, kwa adabu tu, wafundishwe na nani. Simu ikalia, bwana akaipokea, na mazungumzo yakaishia hapo.

Wiki chache baadaye Oswadi akaniambia twende tukakae Ifakara. Nilidhani anatania. "Watu wanatoka Ifakara kuja kutafuta maisha hapa," nikamwambia, "wewe unataka kwenda kinyumenyume?" Akajibu, "Hapa tunachora mashine, halafu tunasubiri msimu mzima tuambiwe inafanyaje. Kule nitaambiwa siku hiyo hiyo, tena kwa matusi." Wote tuliowaeleza walitucheka. Rafiki yangu wa hosteli alisema nitaolewa na mvuvi na kunuka kambale. Bwana Jafari peke yake hakucheka. Alisema tu, "Mkichoka, mlango mnaujua." Maneno yale yaliniudhi kuliko kicheko cha wengine wote, na nadhani ndiyo yaliyonipandisha treni.

Tulipata chumba cha kazi katika ghala la zamani la ushirika, karibu na sokoni. Ushirika ulikuwa umeshakufa, ghala limebaki na popo darini na harufu ya mpunga wa miaka mingi iliyokolea kwenye kuta. Sakafu ilikuwa ya saruji nzuri, pana kuliko karakana nzima ya Bwana Jafari. Ukitaka kujua kwa nini nautetea mji huu, anzia hapo. Dar tungepanga kibanda cha kugeukia kwa shida, na mwenye nyumba angekuja kugonga kila mwisho wa mwezi, nasi tungelazimika kutengeneza mageti na madirisha ili tumlipe. Mashine ya mpunga ingesubiri. Hapa mzee aliyeachiwa funguo za ghala alitaka tu paa lizibwe na popo wafukuzwe. Paa tuliliziba. Popo walitushinda. Tulikuwa na nafasi ya kukosea, na kukosea kwetu hakukumfukuzisha mtu nyumbani. Umeme ulikuwa ukija ukijisikia, na hilo lilikuwa linaniuma kila nilipokumbuka zile nguzo kubwa pale Kidatu zinazobeba umeme wa maji yetu na kuupeleka Dar juu ya vichwa vya watu wanaowasha vibatari. Siku zisizo na umeme tulifanya kazi ya seremala, na siku za umeme tulichomelea tangu alfajiri.

Mtu wa tatu alijileta mwenyewe. Aliingia asubuhi moja amevaa koti la suti juu ya ovaroli, akatazama kazi yangu ya kuchomelea, akasikitika waziwazi. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba. Nani kakufundisha kuchomelea namna hiyo, adui yako?" Huyo ndiye Mzee Sefu, mwenyeji wa Kigoma, aliyetumikia kiwanda cha sukari cha huko juu bondeni hadi alipopunguzwa kazi pamoja na wenzake wengi. Alikuwa mkereza vyuma, na hakumficha mtu kwamba hakuna mkereza vyuma kama yeye kati ya Morogoro na Tunduma. Alijisifu asubuhi, akajisifu mchana, na ukimsifu wewe alikukatiza ili ajisifu vizuri zaidi. Lakini mikono yake ilistahili sifa zile. Bonde lilikuwa limejaa watu wa namna yake: mafundi wa mitambo, wa mabomba, wa magari, Waislamu na Wakristo wa kila kabila, walioletwa na miwa wakaachwa hapo na miwa. Dar, fundi wa kiwango hicho angenyakuliwa na mwenye fedha kabla hujamaliza kumsalimia. Kwetu alikuwa anatafuta pa kuuonyesha ulimwengu kwamba bado yupo.

Chakula tulikula kwa Mama Gaudensia, mwanamke Mpogoro mpana wa mabega, aliyepika wali na kitoga, kambale wa mto wetu, kwa nazi chini ya paa la makuti pembeni ya soko. Mabenchi yake yalikuwa marefu, hivyo hukuchagua wa kukaa naye: mchukuzi, mvuvi aliyevuka mto, mlanguzi wa mchele kutoka mjini, mama aliyeleta mgonjwa hospitali ya misheni. Oswadi alikuwa anakula polepole makusudi ili asikilize. Mimi mwanzoni nilisikia tunavyosengenywa tu. "Yule dada na yule kaka, ni mtu na mkewe?" "Hapana. Wanafuga popo." Siku nyingine nikasikia kitu kingine. Wanawake wawili wa Sanje walikuwa wanalalamikia mavuno. Mmoja alisema mume wake anataka kununua mashine, mwenzake akamwambia, "Kupura si shida, mwenzangu. Shida ni kubeba. Shamba liko kule, mpunga uko kule, mashine itafika kule kwa miguu yake?" Oswadi aliacha kutafuna. Tuliporudi ghalani alitazama ile mashine tuliyokuwa karibu kuimaliza, kubwa, imara, ya kujivunia, akachukua chaki akachora mstari katikati yake, kisha mwingine. "Tuikate," akasema. "Iwe vipande vya kubebeka kwenye baiskeli." Mzee Sefu alifoka kwamba hakati kazi yake kama mkate. Jioni ile ile alikuwa ameshaikata.

Mashine hiyo ndiyo tuliyoipeleka Lupiro, ng'ambo ya mto. Tulivuka na pantoni, vipande vimefungwa kwenye baiskeli, tukasukuma kwenye tope hadi shambani kwa Mama Kasiani, mjane aliyekubali tumjaribie. Sasa haikuwa ya kushika tita. Ulitupia masuke ndani kwa juu, mtu mmoja anaendesha akiwa amekaa kwenye kiti cha baiskeli, pedeli na cheni za baiskeli, pipa linazunguka ndani ya boksi. Majirani walikuwa wamekuja kutazama. Oswadi akapanda, akakanyaga, nami nikatupia. Mpunga ulipukutika vizuri sana. Kisha ukatoka. Ulitoka kwa nguvu kama umefyatuliwa na manati, ukapita juu ya turubai letu na kutua kwenye matope, punje za dhahabu zikitawanyika, na bata wakaja mbio kutoka kwa jirani. Mama Kasiani alitutazama bila kupandisha sauti. "Mwanangu," akamwambia Oswadi, "hii inapura. Lakini inapuria bata." Watu walicheka hadi wakakaa chini. Tuliinama sote, yeye, Oswadi, Mzee Sefu na koti lake, na mimi, tukaokota punje kwenye tope mpaka jua lilipoanza kushuka. Alitupa togwa, akasema, "Nendeni mkaifunge mdomo, mrudi. Mpunga wangu bado upo."

Huwa najiuliza kijana wa jengo la vioo angeiitaje siku ile. Mimi naiita siku njema. Wiki iliyofuata tulirudi na mdomo wa bati. Tuliporudi mara nyingine tulikuwa tumepunguza kasi ya pipa, kwa sababu Mama Kasiani alisema punje zinavunjika na mlanguzi akiona mchele wa chenga anaanza dharau. Kisha mtoto wake wa kike akasema kiti kinaumiza mtu mwenye khanga, tukabadili kiti. Kila neno lilitufikia likiwa bado la moto, kutoka kwenye mdomo wa mtu ambaye kesho ungekutana naye kwa Mama Gaudensia na asingekuacha ule kwa raha. Beringi za chuma zilikuwa zinatoka Dar, zikiingia tope zinakufa, na kupata nyingine ilikuwa safari. Basi Mzee Sefu akakereza vikombe vya mti wa mpingo, tukavichemsha kwenye mafuta, ekseli ikazunguka humo, na kikiisha unakereza kingine. Cheni, pedeli na nati vilikuwa vya baiskeli, navyo viliuzwa hata kwenye genge la Lupiro. Hakuna hata moja kati ya hayo tulilolifikiria kabla ya kuja. Tuliyaokota hapa, kama tulivyookota zile punje.

Mwanzoni mwa mavuno makubwa mashine ikawa imetulia, na watu wakaanza kuagiza. Ndipo Bwana Jafari akashuka kwenye treni. Tulimpeleka kula. Alikaa kwenye benchi la Mama Gaudensia na shati lake jeupe, akala kitoga kwa mikono kwa ufundi wote wa mtu aliyekulia kijijini, akatusifu kwa dhati. Kisha akaweka wazi kilichomleta. Turudi Dar. Atatupa karakana, stoo ya vyuma, mafundi wachomeleaji, jina letu kwenye mashine. Ifakara itakuwa soko, kazi itafanyika pale penye kazi. "Ninyi ni wakubwa kuliko hapa," akasema. Benchi zima lilikuwa linasikiliza. Nilimtazama Oswadi na sikujua atasema nini, maana alikuwa anataka kuoa mwaka ule, na mchumba wake alikuwa Dar, naye mchumba alikuwa ameshamwandikia kwamba haji kuishi na popo.

Oswadi alinawa mikono taratibu. "Mzee," akasema, "mashine ikifa Lupiro asubuhi, wewe Dar utajua lini?"

"Watatuma ujumbe. Au watapanda treni."

"Na mvua itausubiri ujumbe?"

Bwana Jafari alicheka. "Unaongea kama mkulima."

"Nauza kwa wakulima."

"Oswadi, nakupenda kama mdogo wangu, kwa hiyo nitakwambia ukweli. Mashine hii nikiitengeneza bila ninyi, nitaitengeneza kwa wingi, na mtafunga hilo ghala lenu."

Nikajikuta mimi ndiye ninayejibu. "Basi itengeneze," nikasema. "Karibu hata uipime." Sijui maneno yale yalitoka wapi, lakini yalipotoka nilijisikia mrefu. Tukaenda ghalani. Bwana Jafari alitoa futi kwenye mkoba na kuipima mashine mbele yetu, bila aibu, kwa kuwa nilimkaribisha. Mzee Sefu alimshikia upande wa pili wa futi, akimsomea namba kwa sauti kubwa na kumweleza jinsi alivyo fundi hodari. Asubuhi yake bwana akaondoka. Oswadi akamwandikia mchumba wake kwamba harudi, na kwamba atamngoja kadiri atakavyotaka kungojwa. Alikaa siku mbili hali vizuri.

Mashine za Bwana Jafari zilifika wakati mavuno yamepamba moto. Zilikuwa zimepakwa rangi ya buluu, zinang'aa, zina mkanda wa mpira badala ya cheni, na beringi za chuma zisizo na kelele. Ziliuzwa bei ya chini kuliko zetu. Zilishushwa stesheni watu wakizishangilia, na nilisimama pale nikajionea jinsi zilivyo nzuri. Ghala letu likawa kimya. Walioagiza kwetu wakaja mmoja mmoja, wakiona haya, kusema kwamba wameahirisha. Mzee mmoja wa Mkula alisema kwa upole, "Si kwamba yenu mbaya, wanangu. Ila ile imetoka Dar." Neno hilo liliniingia kama mwiba, na halijatoka. Mashine ile ile, akili ile ile, imezaliwa kwenye matope ya bonde la huyo huyo mzee. Lakini ilikwenda Dar ikapakwa buluu, ikarudi na heshima. Nilimwambia Oswadi tufunge. Alisema, "Subiri mpaka mtu wa kwanza alie." Nilimwona kama mtu asiyeelewa kinachotupata.

Mwaka ule mvua zilichelewa kuondoka. Mpunga ulikuwa umekatwa na kulundikwa shambani, na kila siku mawingu yalijikusanya juu ya safu ya Udzungwa na kumwaga. Mlundo wa mpunga ukiloa unapata joto, unaanza kuota, na chakula cha mwaka kinageuka mbolea. Kwa hiyo kila mtu alitaka kupura kwa pamoja, upesi, kati ya mvua na mvua. Mikanda ya mpira ilipoloa ikaanza kuteleza. Beringi zikala tope zikakwama. Wenye nazo walikimbilia stesheni kumuuliza wakala, wakala akasema atapeleka habari Dar. Sisi tulikuwa tunafunga nati kwenye moja ya mashine zetu ambazo hazina mnunuzi, tukasikia kelele barabarani. Walikuwa watu wa Sanje, wa Mkula, wengine wamevuka mto, baiskeli zimebeba mashine za buluu zilizovuja matope. Mbele yao alikuwa yule mzee aliyeahirisha.

Nilisimama mlangoni na kuutandaza mkono wangu kwenye fremu. "Zirudisheni zilikotoka," nikasema, na nilikuwa namaanisha. Nikataka wakae na heshima yao ya Dar. Yule mzee hakuomba. Alishusha mashine, akaiweka kofia yake kifuani, akasema, "Binti, mpunga unaota." Oswadi akapita chini ya mkono wangu, akaenda kukagua mashine ya kwanza, kisha akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa: "Teo, lete zile cheni." Nikakaa pale kidogo nikiwa na hasira zangu. Kisha nikazileta. Tulitoa mikanda tukaweka cheni za baiskeli, tukatoa beringi tukaweka vikombe vya mpingo, Mzee Sefu akikereza bila kupumzika na kumwambia kila mwenye mashine kwamba amepata bahati ya kuzaliwa wakati mmoja na yeye. Umeme ulipokatika, wenye mashine wenyewe walizungusha mashine ya kukereza kwa pedeli. Mama Gaudensia alileta masufuria ya wali ghalani, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nafasi ya kwenda kwake. Tukazimaliza zote. Mpunga mwingine uliharibika, sitadanganya, na kuna nyumba zilizolala na njaa kabla ya msimu mwingine. Lakini mwingi uliokolewa, na uliokolewa kwa sababu waliotengeneza mashine walikuwa umbali wa kusukuma baiskeli.

Bwana Jafari alituandikia akiomba tuwe wakala wake wa matengenezo. Tukakataa kwa heshima. Mashine zake alizipeleka mikoa mingine yenye ardhi kavu, akafanikiwa sana, akajenga. Sikuwahi kumchukia. Yeye na jiji lake walifanya wanachokijua. Mchumba wa Oswadi alikuja mwisho wa mwaka kutazama tu, kama alivyosema. Popo akawaona, akakaa. Nasi tukaanza kupokea maagizo ambayo hatukuweza kuyamaliza, tukaajiri wachomeleaji wawili waliopunguzwa kazi kiwandani, na nikaanza kuamini kwamba biashara ya mashine za mpunga katika bonde zima ni yetu.

Ndipo Mzee Sefu akaaga. Aliingia asubuhi na koti lake, akasema amepata chumba mbele yetu, upande wa pili wa barabara, na anafungua karakana yake mwenyewe. Atatengeneza mashine za kupura, na atazifanya bora kuliko zetu, na alitaka tusikie kutoka kwake. Niliona giza. Nilimwambia Oswadi tumekula na mtu, tumemfundisha kila kitu, sasa anatuua. "Katufundisha yeye," Oswadi akasema. Akamsaidia kubeba meza yake ya kazi kuvuka barabara, na akamwazima mashine yetu ya kutobolea mpaka atakapopata yake. Sikumsemesha Oswadi siku ile, wala iliyofuata. Nilimwona mpumbavu. Kutoka mlangoni nilikuwa nasikia nyundo ya Mzee Sefu ikijibizana na yetu, na sauti yake ikijisifu kwa mteja ambaye hata hajafika.

Mteja alikuja Jumatatu. Alikuwa mama wa makamo kutoka Kiberege, ametembea na mwanawe wa kiume aliyesukuma baiskeli tupu. Alisimama katikati ya barabara, akaitazama karakana yetu, akaitazama ya Mzee Sefu, akarudi kututazama. Wote watatu tukamkaribisha kwa pamoja. Akaingia kwetu, akauliza bei, akakanyaga pedeli, akashika kila nati. Kisha akavuka, akafanya vile vile. Akarudi kwetu akasema, "Yule kaweka magurudumu. Ninyi mbona hamna magurudumu?" Akavuka tena akanunua kwa Mzee Sefu. Oswadi alikwenda kumsaidia kuifunga kwenye baiskeli, wanacheka wote, na nikasikia yule mama akimwambia kwamba ndugu zake wa Mang'ula walikuwa wanapanga kwenda Dar kutafuta mashine, sasa atawaambia wasihangaike, huku kuna mtaa mzima wa mashine. Tulikuwa karakana mbili tu. Niliingia ndani, nikachukua chaki, nikapiga magoti sakafuni na kuanza kuchora mashine yenye magurudumu, makubwa kuliko ya Mzee Sefu, ya kupita kwenye tope.